Magadi, Chumvi na Reli ya Kajiado

Leo tuache programu kidogo, tuongee historia.

Mfugaji wa Bisil hahitaji kuelezwa magadi ni nini. Ng'ombe huyalamba, na jikoni kijiko kidogo hulainisha maharagwe sugu. Magadi hayo hutoka Ziwa Magadi, magharibi mwa Kajiado hii hii. Swali langu ni hili: yalitenganishwaje na vitu vingine vilivyomo ziwani?

Sisi wa kompyuta tukitaka kuchuja data tunatafuta sifa moja inayotofautiana. Mama akipepeta mahindi anafanya vivyo hivyo: makapi ni mepesi, upepo unayabeba. Fundi akichekecha mchanga anatumia ukubwa wa chembe. Ziwani sifa ni mbili, na hapo ndipo utamu ulipo.

Ya kwanza ni uvukizi. Chemchemi za maji moto huleta maji yenye chumvichumvi, na ziwa halina mto wa kutokea. Jua linayachukua maji, vilivyoyeyuka vinabaki.

Lakini vilivyobaki ni mchanganyiko: magadi pamoja na chumvi ya kawaida. Hapa inaingia sifa ya pili, uyeyukaji. Kwenye gramu 100 za maji ya nyuzi 20, chumvi huyeyuka takriban gramu 36, na kaboneti ya sodiamu takriban gramu 21. Poza maji hadi nyuzi 0: chumvi inabaki karibu pale pale, kaboneti inashuka hadi takriban gramu 7. Kwa hiyo magadi hutangulia kuganda, na chumvi hubaki kwenye maji. Maji hayo ukiyaanika kwenye mabwawa ya kina kifupi unapata chumvi. Kampuni ya Magadi imewahi kuvuna chumvi kwa njia hiyo.

Angalieni jambo moja: kuchoma magadi kwenye tanuri ili kupata soda ya kutengenezea vioo si kutenganisha tena. Hewa ya kaboni dioksidi inatoka na kitu chenyewe kinabadilika. Hiyo ni kemia.

Sasa historia. Magadi Soda Company iliundwa mwaka 1911. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilifanya mkataba wa pili na Wamaasai, uliowahamisha kutoka Laikipia kwenda hifadhi ya kusini, ingawa mkataba wa 1904 uliwaahidi sehemu zote mbili. Mwaka 1913 Wamaasai walikwenda mahakamani, wakashindwa: mahakama ilisema mikataba ya namna hiyo si kazi yake kuiamua. Kufikia 1915 reli kutoka Konza kupitia Kajiado ilikuwa imefika ziwani. Brunner Mond ya Uingereza ikaichukua kampuni mwaka 1924, na Tata ya India ikainunua Brunner Mond mwaka 2005.

Kazi kubwa ya kutenganisha ilifanywa na jua, bure, maelfu ya miaka kabla ya hisa ya kwanza kuuzwa. Wageni walileta reli, tanuri na hati za ardhi. Kwa hiyo mtu wa Kajiado akiuliza fungu lake ni lipi katika soda ile, msimwone mkorofi. Anauliza swali la mwaka 1911.

Haya, wiki ijayo turudi kwenye programu.