Kwenu Kuna Nini?

Msafiri akirudi nyumbani huulizwa: Umeona nini huko? Sisi watu wa Lweba tuliokwenda Kinshasa mwanzo wa mwaka 2023 tuliulizwa vivyo hivyo. Tukasimulia mto mpana, magari yasiyohesabika, na watu wasemao Lingala, hata Kiswahili chetu kikatufanya wageni katika nchi yetu wenyewe. Zaidi ya yote tulisimulia Misa Takatifu ya tarehe 1 Februari, katika kiwanja cha ndege cha Ndolo, mbele ya Baba Mtakatifu Fransisko na watu waliozidi milioni moja.

Siku hiyo hiyo Baba Mtakatifu aliwapokea watu wa mashariki walioteswa na vita. Mmoja wao aliweka panga chini ya msalaba. Yeye mwenyewe alikuwa amekusudia kufika Goma, lakini vita vilizuia.

Lakini jambo moja hatukulisimulia upesi. Kijana wa mji ule alituuliza: Kwenu Fizi kuna nini? Tukamjibu: Kuna ziwa, samaki na mihogo. Aibu ilitushika baadaye, tukiwa njiani kurudi.

Maana tulipaswa kumwambia habari ya tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba. Siku hiyo huko Baraka, Bruda Vittorio Faccin aliamriwa kupanda gari la waasi. Alikataa, akapigwa risasi mbele ya kanisa. Padri Luigi Carrara alikuwa akiungamisha. Alitoka, akapiga magoti karibu na maiti ya mwenzake, akauawa naye. Usiku ule ule, huko Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didoné na Padri Albert Joubert. Watatu walikuwa wamisionari Wasaveri kutoka Italia. Padri Joubert alikuwa mzaliwa wa Kongo.

Siku tatu baadaye, tarehe 1 Desemba, Sista Anuarite aliuawa huko Isiro. Yeye alitangazwa Mwenye Heri mjini Kinshasa mwaka 1985, naye Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwapo. Wale wanne wa kwetu walingoja mpaka tarehe 18 Agosti 2024. Safari hii sherehe haikufanyika katika mji mkuu. Kardinali Ambongo, Askofu Mkuu wa Kinshasa, ndiye aliyefunga safari akaja Uvira.

Ndugu wasomaji, kwa nini tulijibu samaki na mihogo? Kwa sababu habari ile husemwa kwa sauti ya chini majumbani mwetu. Waliokufa walikuwa wachungaji wetu. Na miongoni mwa walioshika bunduki walikuwamo watoto wa nchi hii, wenye ndugu na wajukuu. Basi wazee wengi walichagua kunyamaza, wasije wakafufua kisasi. Hatuwalaumu. Lakini aliyekuwa mtoto wa miaka kumi mwaka ule amekwisha kupita sabini. Akizikwa na kimya chake, nani atatuambia?

Tuwaendee wazee hao jioni, kwa heshima, pamoja na daftari. Tusiulize nani wa kulipizwa. Tuulize nini kilitokea, na nani alimficha jirani yake. Kisha tukiulizwa tena ugenini, Kwenu kuna nini?, tusione haya kujibu.