Kurudishwa Nyumbani: Somo la Ulyankulu kwa Kanisa na Walevi Wake

Ulevi katika Unyamwezi haukuanza na gongo la siku hizi. Katika karne ya 19, njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilipitisha humu pembe za ndovu na watumwa. Ulyankulu ilikuwa ndani ya himaya ya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Wengi wa wapiganaji wake, rugaruga, walikuwa vijana waliokatika na koo zao: mateka wa vita, watumwa waliotoroka, wapagazi walioacha misafara. Walijulikana kwa kuvuta bangi. Lakini si bangi iliyowavunjia ukoo; iliwakuta wamekwisha kuupoteza, ikakaa mahali pake.

Miaka ya 1930, huko Gahini, Rwanda, ulianza uamsho ulioenea Uganda, Burundi na Buhaya, ukaingia hata katika makanisa yetu ya Kilutheri. Walokole waliacha pombe, lakini hawakuishia hapo. Waliungama hadharani, wakarudisha mali walizoiba, wakalipa madeni, na kukutana mara kwa mara ili kutunzana. Mwaka 1935, huko Akron, Marekani, Bill Wilson na Dk. Bob Smith walianza chama cha walevi wanaosaidiana. Nao walisisitiza kuungama na kutengeneza yaliyoharibiwa. Kumbe pande zote mbili ziliona jambo moja: mlevi hawezi kupona peke yake.

Mwaka 1972 makumi ya maelfu ya Warundi walikimbia mauaji kwao. Ulyankulu ikawa mojawapo ya makazi yao, pamoja na Katumba na baadaye Mishamo. Serikali iliwapa ardhi. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Duniani, lilishiriki kujenga makazi hayo. Watu waliopoteza kila kitu walipewa shamba na jirani. Wakaanzisha makanisa, na kwaya za Ulyankulu zikasikika nchi nzima. Mwaka 2014 vyeti vya uraia vilianza kutolewa, na aliyeitwa mkimbizi kwa miaka 40 akawa mwananchi.

Hata hivyo, hapa ni nchi ya tumbaku. Fedha za mauzo huja kwa mkupuo, na kilabu cha pombe huwa karibu kuliko benki. Kanisa hufanya nini mshirika anapozama? Mara nyingi humtenga na Meza ya Bwana, kisha humsubiri. Nidhamu hiyo ina mahali pake, lakini kumtenga mtu aliyekwisha kutengwa na mkewe, wanawe na wadai wake ni kumwongezea upweke ule ule unaompeleka kilabuni.

Yesu alipomponya Mgerasi aliyeishi makaburini, mtu yule aliomba kumfuata. Bwana alikataa, akamrudisha nyumbani kwake. Uponyaji ulikuwa haujakamilika mpaka majirani wampokee.

Basi kila usharika ujiulize: nani atamtembelea anayeacha pombe, hasa msimu wa mauzo? Nani atakaa naye na mkewe kupanga matumizi ya fedha? Nani atamsindikiza kwa wale aliowakopa? Waliofika Ulyankulu mikono mitupu hawakuambiwa wajitengeneze kwanza ndipo wapewe shamba. Walipewa shamba, wakajengeka. Neema hutenda hivyo hivyo.