Safari ya Tanga: Twende Tukijua Tunapita Wapi



Kamati yetu iliyokaa hapa Sekei imependekeza kwamba baada ya mkutano mkuu tufanye safari fupi ya mwisho wa juma kwenda kuitazama pwani. Imetajwa miji mitatu: Mombasa, Unguja na Tanga. Mombasa ina sifa zake, na wazee wetu waliizoea hadi mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, ukaja kufunguliwa tena mwaka 1983. Unguja nayo haihitaji kusifiwa. Hata hivyo naomba nafasi katika jarida hili niitetee Tanga, wala si kwa sababu ya unafuu wa gharama peke yake. Sisi tuliosomea chini ya Mlima Meru tuna historia moja na mji ule. Wengi wetu tulifaulu mtihani wa historia bila kuiona kwa macho.

Kitanzi kilitangulia, reli ikafuata

Kutoka Arusha hadi Tanga ni kilomita 430 hivi kwa barabara. Tutapita Moshi, Mwanga, Same, Mombo, Korogwe na Segera, kisha tutaingia kushoto kupitia Muheza mpaka baharini. Milima ya Upare na baadaye ya Usambara itakuwa mkono wetu wa kushoto, na bonde la mto Pangani mkono wa kulia. Kwa sehemu kubwa ya njia tutakuwa jirani na reli. Yafaa kila mmoja wetu aitazame vizuri reli hiyo.

Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka kuipinga kampuni ya Kijerumani iliyotaka kuwatawala. Kiongozi wao mashuhuri, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Haikupita miaka minne, ujenzi wa reli ukaanza Tanga, mwaka 1893. Kazi ilikwenda kwa kusuasua. Reli ilifika Muheza mwaka 1896, kampuni ikaishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, na Mombo mwaka 1905.

Huku kwetu nako, tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na viongozi wengine kadha, wakiwamo wa Meru na wa Arusha. Mwaka 1911 gari moshi likaingia Moshi. Arusha ilingoja mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati wa Waingereza. Basi mtaona, ndugu zangu, kwamba pwani na mlimani mambo yalifuatana kwa utaratibu ule ule: kwanza kitanzi, kisha reli. Reli ile haikujengwa ili babu zetu watembeleane na watu wa Tanga. Ilijengwa ili mkonge na kahawa viifikie meli.

Mkonge na watu wa namba

Mwaka ule ule wa 1893 mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yakatokea mashamba yaliyoenea mkoa mzima wa Tanga, yakapanda pia na njia ya reli kuja huku kaskazini.

Mkonge ulitaka mikono mingi, na mikono hiyo ilitoka mbali: Kigoma, Songea, Njombe, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mfanyakazi alipewa namba, na watu wakawaita manamba. Alipewa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi, ambazo sharti zitimie ndipo alipwe. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, kikijulikana kwa jina la SILABU. Wengi wa waliokwenda hawakurudi makwao. Wajukuu zao ndio wenyeji wa Tanga hivi leo, na ndiyo sababu moja ya ule mji kuwa na makabila mengi yanayoelewana kwa Kiswahili.

Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha mkonge zaidi ya tani 200,000, nayo iliongoza duniani. Mwaka 1967 Azimio lililotangazwa katika mji wetu huu wa Arusha liliyafikia mashamba yale, mengi yake yakawa mali ya umma. Baadaye kamba za nailoni ziliiangusha bei, usimamizi nao ukalegea, na mashamba mengi yakageuka vichaka. Baina ya Korogwe na Muheza tutauona mkonge unaostawi na mahali uliposahauliwa. Hilo ni somo la uchumi ambalo halihitaji ubao.

Siku nyuki walipoingia vitani

Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Fox ilitia nanga mbele ya Tanga na kuutaka mji usalimu amri. Nyuma yake zilikuwa meli zilizobeba askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi, chini ya Jenerali Aitken. Wajerumani mjini walikuwa na askari wachache mno.

Hapo ndipo reli yetu inapoingia tena katika habari hii. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuwa na sehemu kubwa ya jeshi lake upande wa Moshi. Aliwapakia askari katika mabehewa, wakateremshwa Tanga kwa makundi. Yeye mwenyewe alifika usiku wa kuamkia tarehe 4, akauzunguka mji kwa baiskeli kukagua hali. Waingereza walikuwa wameteremka Raskazone bila haraka, na vijana wengi wa Kihindi walikuwa wamechoshwa na safari ndefu ya bahari. Mapigano yalipopamba moto, risasi zilivuruga mizinga ya nyuki, na nyuki hawakuchagua adui wala rafiki. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini wakiacha bunduki na risasi nyingi ufukoni. Jeshi la watu kama 1,000 lilikuwa limelishinda jeshi la watu 8,000.

Wengi hukumbuka nyuki na kucheka. Lakini askari weusi waliopigana siku ile, na makumi ya maelfu ya wapagazi waliokufa mpaka vita vilipokwisha mwaka 1918, hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote wa Ulaya. Tukisimama Raskazone kutazama bahari ile nzuri, tuwakumbuke.

Karani na mshairi

Kwa sisi tulio watumishi wa serikali, Tanga ina jambo jingine. Shule ya serikali ya kwanza katika nchi yetu ilianzishwa na Wajerumani Tanga mwaka 1892. Humo walifunzwa makarani na walimu waliotawanyika nchi nzima, na huko Tanga ndiko gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilikoanzia mwaka 1904. Kwa hiyo jarida letu hili dogo lina babu yake Tanga.

Tena kusini kidogo ya mji, Machui, ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1962. Alikuwa karani wa forodha Pangani kwa miaka mingi, akahamishwa idara hii na ile kama tunavyohamishwa sisi. Kazi ya ofisi haikumzuia kuandika vitabu tulivyovisoma darasani. Anayesema kwamba utumishi haumwachii nafasi ya kufikiri, na aende Machui.

Mpango ninaopendekeza

Tuondoke Ijumaa saa 12 alfajiri kwa basi la kukodi. Treni ya abiria ya Dar es Salaam ilirudi Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020, lakini kwa safari fupi kama hii basi ndilo litakalotufaa. Tusimame Muheza kununua machungwa, na alasiri tutakuwa Tanga.

Jumamosi asubuhi twende mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini ya mji. Ni mapango ya mawe ya chokaa, yenye giza na popo, basi kila mtu avae viatu vya kufunga. Wenyeji hutambika humo, kwa hiyo tusiguse vitu vyao wala kufanya mzaha. Mchana tuelekee kusini, tusimame Machui, kisha tufike Tongoni penye magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40, mengine ya nguzo. Watu waliishi pale na kufanya biashara ya bahari kabla Vasco da Gama hajapita mwaka 1498. Mwaka uliofuata, akirejea kutoka Bara Hindi, aliichoma moto moja ya meli zake karibu na mwambao huo, maana mabaharia walikuwa wamepungua. Jioni iwe ya Raskazone, tuoge bahari na tule samaki. Jumapili alfajiri tuanze kurudi.

Wapo wenzetu wanaouliza kama si afadhali fedha hizi zinunulie shule vitabu. Swali lao ni la haki na halifai kupuuzwa. Jibu langu ni kwamba tuongeze mchango kidogo, na viti 10 vya basi tuwape wanafunzi wa historia wa kidato cha nne pamoja na mwalimu wao. Hapo safari haitakuwa starehe ya wakubwa, na vijana hao watapanda jukwaani siku ya mahafali kutueleza walichokiona. Nani kati yetu aliwahi kupewa nafasi hiyo?

Ninaomba wanachama walipigie kura pendekezo hili kwenye mkutano mkuu. Kutembea ni kusoma, mradi msafiri ajue anapita wapi.