Uvundo wa AC ya gari: shida ni maji, si marashi

Leo naweka programu kando kidogo tuongee kuhusu ile harufu ya soksi mbichi inayokupiga puani ukiwasha AC ya gari. Wengi hulaumu viti, zulia au abiria wa jana. Kumbe mhalifu ni maji, na ukifuata historia ya AC utaona kwamba mashine hii ilianza kwa sababu ya maji, si joto.

Mwaka 1902 kampuni ya uchapishaji ya Sackett-Wilhelms, huko Brooklyn, New York, ilikuwa na kero. Siku za unyevu karatasi zilivimba, siku kavu zikasinyaa, na kwa kuwa kila rangi ilichapwa kwa zamu yake, picha zilitoka rangi zikipishana. Injinia mmoja, Willis Carrier, mwenye miaka 25 (mdogo kuliko mimi, haya tuendelee), akabuni mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba baridi. Unyevu ukageuka matone, hewa ikatoka kavu. Ni kama chupa ya soda baridi inavyotoa jasho mezani. Ubaridi ulikuwa faida ya ziada tu.

Kwenye gari AC ilifika mwishoni mwa 1939, Packard walipoonyesha magari yao ya 1940 huko Chicago. Ukitaka AC uliongeza dola 274, pesa nyingi wakati huo. Evaporeta, yaani yale mabomba baridi, ilikaa kwenye buti nyuma ya kiti. Mfumo ulizungusha hewa ile ile ya ndani, jasho na moshi wa sigara pamoja. Kichekesho ni kwamba kompresa haikuwa na swichi! Kuizima kabisa ilibidi uzime injini, ufungue boneti, utoe mkanda. Haikudumu sokoni.

AC ilirudi kwa nguvu 1953, na 1954 Nash wakaunganisha joto, baridi na hewa safi katika mfumo mmoja upande wa mbele. Nash walikuwa kampuni moja na Kelvinator, watengeneza friji, kwa hiyo baridi waliijua. Mpango huo wa mbele ndio uliotawala. Leo evaporeta imejificha nyuma ya dashibodi, ndani ya sanduku lenye giza, na mpira mdogo wa kutoa maji chini ya gari. Ni mpangilio mzuri kwa nafasi, lakini nyumba nzuri pia kwa kuvu.

Fikiria. AC ikiwaka, evaporeta inalowa chapachapa na kunasa vumbi. Unafika, unazima, unaondoka. Ubaridi unaisha, maji yanabaki, jua linapasha gari. Giza, joto, maji, na vumbi la kula. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia State, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu evaporeta za magari yaliyolalamikiwa harufu, wakieleza bakteria na kuvu wanaoishi humo na mvuke wanaoutoa. Mvuke huo ndio unaounusa. Kwa mtu mwenye pumu au mzio wa kuvu hilo si jambo la kuchekea.

Fundi akikwambia "gesi imeoza, tujaze mpya", shika pochi yako. Freon, iliyobuniwa 1928 na Thomas Midgley na wenzake wa General Motors, ilipendwa kwa sababu haikuwa na sumu kama gesi za friji za awali. (Bwana huyo huyo ndiye aliyetuletea petroli yenye risasi. Kipaji cha ajabu.) Baadaye ikaonekana inakula tabaka la ozoni, Mkataba wa Montreal ukaja 1987, na miaka ya 1990 magari yakahamia R-134a. Gesi zimebadilika, uvundo umebaki pale pale.

Marashi nayo? Kile kimti cha karatasi kinachoning'inia kwenye kioo kilibuniwa na Julius Sämann mwaka 1952, huko Watertown, New York. Kinafunika harufu tu. Kuvu hawana habari nacho.

Binamu yangu ana teksi ya kuitwa kwa simu Mombasa, gari la mitumba kutoka Japani. Huku Nairobi wengi tunafungua dirisha, lakini Mombasa abiria akiingia tu anasema "washa AC". Mwaka jana nyota zake zilianza kushuka, na nyota zikishuka mkate unapungua. Alinunua marashi matatu, abiria wakalalamika kichwa kinauma. Mwishowe tulifungua kisanduku cha mbele ya abiria: filta ilikuwa nyeusi, ina majani makavu. Tukaweka mpya, tukazibua mpira wa maji, tukapuliza povu la kusafisha evaporeta. (Usitumie jiki, inakula alumini.)

Kilichonifurahisha kama mtu wa programu ni dawa ya watengenezaji wenyewe. Miaka ya 1990 General Motors walikuwa na kifaa cha kuongezea: gari likishazimwa, kinasubiri, kisha kinawasha feni kukausha evaporeta. Siku hizi Hyundai na Kia wameweka kazi hiyo ndani ya baadhi ya magari yao. Ni saa na sharti moja tu: kama AC ilitumika, puliza. Mistari michache ya kodi.

Gari la binamu halina kitu hicho, kwa hiyo anakifanya kwa mkono. Akitoka Nyali na abiria wa mwisho wa zamu, akifika darajani anazima kitufe cha AC na kuacha feni ikivuta hewa ya nje mpaka afike. Abiria wengine huuliza kwa nini joto limeanza. Anawaambia ni dakika tano tu.