Mwenyeji na Mgeni: Historia ya Kuchopeka Msimbo katika Ukurasa wa HTML

Utangulizi

Mwanaisimu Carol Myers-Scotton, baada ya kuchunguza mazungumzo ya wakazi wa Nairobi wanaochanganya Kiswahili na Kiingereza, alichapisha mwaka 1993 nadharia iliyopata kujadiliwa sana: kwamba katika sentensi yenye lugha mbili, lugha hizo hazina nguvu sawa. Moja huwa mwenyeji, itoayo mpangilio wa maneno na viambishi vya kisarufi. Ya pili huwa mgeni, ichopekwayo ndani ya mpangilio huo. Msemaji akitia kitenzi cha Kiingereza baina ya viambishi vya Kiswahili, sentensi yake hubaki kuwa ya Kiswahili.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo hilo, yaani lugha ipi ni mwenyeji na ipi ni mgeni, lilikuwa kiini cha historia ya kurasa za mtandao ambazo seva huziunda upya kila zinapoombwa. Jibu lililotolewa halikuwa la kiufundi tu. Lilichangia pia kuamua ni nani angeweza kuandika kurasa hizo na ni nani angebaki msomaji.

Ukurasa usiobadilika

Tim Berners-Lee alitoa pendekezo lake la mfumo wa maandishi yanayounganishwa mwezi wa Machi 1989, akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva. HTML, lugha iliyotokana na kazi hiyo, ilikuwa lugha ya kueleza wala si ya kuamuru. Husema kwamba hiki ni kichwa, hii ni aya, na hapa pana kiungo. Haiwezi kuhesabu wala kuamua. Ukurasa uliohifadhiwa katika seva ulipelekwa kwa kila msomaji vile vile ulivyoandikwa. Kwa makala ya wanasayansi hilo lilitosha. Kwa katalogi ya maktaba, ambamo kila msomaji huuliza jambo lake na kila siku vitabu hutoka na kurudi, halikutosha hata kidogo.

Programu ikiwa mwenyeji

Jibu la kwanza lililoenea lilipatikana mwaka 1993, katika majadiliano ya waandishi wa seva yaliyoongozwa na kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Utaratibu huo ulijulikana kwa herufi CGI. Badala ya kutoa faili iliyokwisha kuandikwa, seva iliendesha programu, na yale iliyoyatoa programu hiyo yakapelekwa kwa msomaji. Aghalabu programu hizo ziliandikwa kwa lugha ya C, au kwa Perl, iliyotolewa na Larry Wall mwaka 1987.

Utaratibu huu ulikuwa na uzito wa namna mbili. Kwanza, kila ombi lilianzisha programu upya, na maombi yalipozidi seva ililemewa. Pili, na hili ndilo linalohusu makala haya, programu ndiyo iliyokuwa mwenyeji. HTML ilikatwakatwa vipande, kila kipande kikafungwa ndani ya alama za kunukuu na kutanguliwa na amri ya kuchapisha. Aliyetaka kusahihisha neno moja katika aya alilazimika kulitafuta ndani ya programu, na akisahau alama moja ya kunukuu, ukurasa mzima ulikataa kutokea. Hivyo aliyejua kupanga ukurasa tu hakuwa na mahali pa kuanzia.

Ukurasa ukiwa mwenyeji

Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland aliyesomea Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, aliandika mwaka 1994 programu ndogo ndogo kwa lugha ya C ili ajue ni nani waliotembelea wasifu wake mtandaoni. Tarehe 8 Juni 1995 alizitoa kwa umma kwa jina ambalo maana yake ni zana za ukurasa binafsi. Kifupi chake ni PHP. Wazo lililokomaa kutokana na zana hizo lilikuwa kugeuza uhusiano wa lugha mbili. Ukurasa uandikwe kwa HTML kama kawaida, na amri zichopekwe mahali zinapohitajika tu. Kwa maandishi yaliyokuja kuwa ya kawaida, mstari huandikwa hivi:

<p>Leo ni tarehe <?php echo date('d/m/Y'); ?>.</p>

Seva huusoma ukurasa tangu juu hadi chini. Maandishi yaliyo nje ya alama maalumu hupitishwa bila kuguswa. Yaliyo baina ya alama ya kufungua na ya kufunga hutekelezwa, na matokeo yake huchukua mahali pake. Msomaji hupokea HTML tupu yenye tarehe, wala haoni amri iliyoizalisha.

Lerdorf hakuwa peke yake. ColdFusion ilitokea mwaka 1995, Microsoft ikatoa ASP mwaka 1996, na kampuni ya Sun ikaleta JSP mwaka 1999. Zote zilichopeka amri katika ukurasa. Mwaka 1997 Zeev Suraski na Andi Gutmans, wanafunzi wa Technion mjini Haifa, waliona PHP haitoshi kwa kazi yao ya chuo, wakaanza kuiandika upya. Toleo la 3 lilitolewa Juni 1998, na la 4 Mei 2000. Mwaka 2002 Wikipedia ilihamia kwenye programu iliyoandikwa kwa PHP. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, imejengwa juu ya msingi huo.

Gharama ya mchanganyiko

Mchanganyiko usio na mipaka ulizaa matatizo yake. Ukurasa uliokuwa mwenyeji ulifurika wageni, hata amri za kuuliza hifadhidata zikakaa bega kwa bega na rangi za vichwa. Ndipo wengi waliporejea fundisho la Trygve Reenskaug wa mwaka 1979, la kutenganisha data, sura na udhibiti. Mfumo wa Rails, uliotolewa mwaka 2004, uliufanya utengano huo kuwa desturi; lakini hata humo, ukurasa wa sura uliendelea kuchopekwa amri.

Tatizo la pili lilitokana na sauti ya tatu, nayo ni maneno ya msomaji mwenyewe. Akiandika katika fomu, na maneno yake yakarudishwa ukurasani bila kuchujwa, yaweza kusomwa kama amri. Kituo cha CERT kilitoa onyo rasmi kuhusu hatari hiyo mwezi wa Februari 2000.

Hapa ndipo lugha za Afrika zilipoguswa. PHP ilikuwa na kinga iliyotia mkwaju wa kinyume mbele ya kila ritifaa iliyotoka katika fomu, kwa sababu ritifaa hutumika kufungia maneno katika amri. Kinga hiyo haikujua kwamba katika Kiswahili ritifaa ni sehemu ya tahajia. Mwandikaji asipokumbuka kuuondoa mkwaju, neno «ng'ombe» lilimtokea msomaji kama «ng\'ombe». Kinga hiyo iliondolewa kabisa mwaka 2012. Vivyo hivyo, amri ya msingi ya PHP ya kupima urefu wa neno huhesabu baiti wala si herufi: neno la Kigĩkũyũ «mũndũ», lenye herufi tano, huhesabiwa saba likiandikwa kwa UTF-8. Toleo la 6, lililokusudiwa kuweka Unicode katika kiini cha lugha hiyo, liliachwa mwaka 2010, na mpaka leo mwandikaji hulazimika kuchagua amri za ziada kwa kazi hiyo.

Hitimisho

Mwaka 2013 kampuni ya Facebook ilitoa React pamoja na maandishi yake ya JSX, ambamo programu imekuwa mwenyeji tena na alama zinazofanana na HTML zimekuwa mgeni. Kwa hiyo haielekei kwamba historia hii inaendea usafi wa lugha moja. Kilichobadilika mara kwa mara ni cheo cha kila lugha na uwazi wa mpaka baina yao. Ukurasa ulipokuwa mwenyeji, mlango ulifunguliwa kwa watu ambao CGI iliwaacha nje. Mpaka ulipopuuzwa, msomaji alihatarishwa na tahajia yake ikaharibiwa. Wanaofundisha uandishi wa kurasa kwa wasemaji wa lugha za Afrika hawana budi kuanza na mpaka huo: maneno yapi ni ya ukurasa, yapi ni ya amri, na yapi ni ya mtu aliyeyaandika kwa lugha yake mwenyewe.