Gari la Vyombo na Barabara ya Daudi

Riwaya ya kusisimua inayohusu bendi ya roki iliyo ziarani huwa na vitu vyake vya kawaida: vijana wasio na fedha, gari bovu, mji wa ugenini, na mtu asiyejulikana anayewawinda usiku. Riwaya zetu za Kiswahili za kusisimua, tangu Faraji Katalambulla alipotoa *Simu ya Kifo* mwaka 1965 na Elvis Musiba alipomtuma mpelelezi Willy Gamba kazini katika *Kufa na Kupona* mwaka 1974, zimemzoesha msomaji kutafuta adui mwenye sura na bastola. Lakini ukiifuata historia halisi ya bendi za Tanzania, hasa ukiitazama kutoka mahali kama Daudi, wilayani Mbulu, utaona kwamba mwandishi asingekuwa na haja ya kumbuni adui huyo. Hatari ilikuwa imekaa ndani ya kazi yenyewe. Wanamuziki walipiga vyombo visivyo vyao, walilipwa kutokana na kiingilio cha mlangoni, na walisafiri usiku kwa sababu hawakuwa na fedha za kulala. Nadai kwamba mambo hayo matatu yana mzizi mmoja, nao ni umiliki wa vyombo.

Tuanze na barabara. Hadi mwaka 2002, Mbulu na Hanang zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha, na Arusha ndio mji mkubwa ambao bendi ingetokea ili kufika Daudi. Njia inapita Makuyuni na Mto wa Mbu, inapanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Karatu, kisha inageuka kusini kuelekea nyanda za Wairaqw. Lami ilifika Karatu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla ya hapo, na kwa kipande cha Karatu hadi Mbulu hata baada ya hapo, ilikuwa ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Bendi ya dansi si watu wanne kama bendi ya roki ya Uingereza. Ina magitaa ya solo, rithimu na besi, ina tarumbeta na saksafoni, ina mpiga tumba, mpiga drams na waimbaji kadhaa, kwa hiyo watu kumi au kumi na wawili ni jambo la kawaida. Pamoja nao yanapanda maspika, maamplifaya na, kama ukumbi hauna umeme, jenereta na dumu la mafuta. Vyote hivyo vilipakiwa kwenye gari moja, watu wakikaa juu ya mizigo au katikati yake.

Sasa piga hesabu ya mlangoni. Katika nyanda hizi fedha huonekana baada ya mavuno ya mahindi, maharage na ngano, na kwa bahati njema mavuno huja wakati barabara imekauka. Ni miezi michache tu ambayo mkulima ana kitu mfukoni na gari linaweza kupita. Mapato ya usiku mmoja hukatwa mafuta kwanza, kisha ukumbi, kisha fungu la mwenye vyombo, na kinachobaki ndicho hugawanywa kwa watu kumi na wawili. Nyumba ya wageni kwa kundi zima ingekula fungu lote la wanamuziki. Ndiyo maana dansi likiisha alfajiri, vyombo vinapakiwa, na dereva aliyekesha anashika usukani.

Kwa nini fungu la mwenye vyombo lilikuwa zito kiasi hicho? Kwa sababu vyombo havikupatikana. Magitaa ya umeme na maamplifaya yaliagizwa nje, na katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu. Aliyeweza kuvipata alikuwa taasisi au mfanyabiashara. NUTA Jazz ilizaliwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Jeshi, polisi na magereza nao walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki wa bendi hizo alipata mshahara, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini gitaa lilikuwa la ofisi. Akiondoka, anaondoka na vidole vyake tu. Upande wa watu binafsi mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 1985 Hugo Kisima, aliyemiliki vyombo vya Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi hiyo, akawavuta wanamuziki wa bendi ya Mlimani Park akiwemo Muhiddin Maalim Gurumo, na kuunda International Orchestra Safari Sound. Wapenzi wa dansi walikuwa wakiipenda bendi, lakini bendi iliyopendwa na maelfu ingeweza kufutwa na uamuzi wa mtu mmoja.

Mfano wa kinyume upo, nao unaitia nguvu hoja hii. Orchestra Maquis, iliyotoka Kongo na kuweka makao Dar es Salaam katika miaka ya 1970, ilijipanga kama kampuni, iliyojulikana kwa kifupi kama OMACO. Bendi hiyo ilidumu kwa miaka mingi katika nchi ambayo makundi yalizaliwa na kufa kila msimu. Sisemi kwamba kampuni ndiyo iliyowafanya wapige vizuri. Nasema iliwapa mahali pa kusimama.

Bendi iliyo karibu kabisa na ile ya riwaya tuliyoanza nayo ni Sunburst. Kundi hili la Dar es Salaam la mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilichanganya roki, soul na midundo ya Kiafrika, James Mpungo akiimba na Hembi Flory Kongo akipiga gitaa. Lilichagua sauti hiyo wakati mgumu. Mnamo Novemba 1969 muziki wa soul ulikuwa umepigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam, ukishutumiwa kwamba unaharibu vijana. Nchi haikuwa na kampuni ya kutoa santuri kwa wapigaji wa aina yao, kwa hiyo wakaishia Zambia, na huko ndiko albamu yao ya *Ave Africa* ilipotoka mwaka 1976. Baada ya hapo kundi likasambaratika. Miaka arobaini baadaye, mwaka 2016, kampuni ya London ikazikusanya rekodi zao na kuzitoa upya. Hakuna aliyewawinda kwa bunduki. Nyumbani walikosa mahali pa kurekodi santuri na soko la kuwalipa.

Kiu hiyo ya kurekodi ndiyo iliyoelekeza magari ya bendi upande wa Kenya badala ya Mbulu. Wanamuziki ndugu wa familia ya Kinyonga walitoka Tanga wakafika Arusha mwaka 1970 wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walikuwa Nairobi, na huko wakawa Simba Wanyika. Kwa mpenzi wa dansi wa nyanda za Mbulu, bendi ya mkoa wake ilikuwa imevuka mpaka wa Namanga kabla hata haijazoeleka. Kisha Februari 1977 mpaka ukafungwa hadi mwishoni mwa 1983. Barabara nayo iliwadai wanamuziki. Mbaraka Mwinshehe, aliyekuwa ameachana na Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuanzisha Super Volcano, alikufa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, akiwa kazini ng'ambo ya mpaka huo. Kabla yake, mwaka 1965, mji wa Morogoro ulimpoteza Salum Abdallah wa Cuban Marimba, naye kwa ajali ya gari. Na Machi 2011, karibu na Mikumi, kundi la Five Stars Modern Taarab lilipoteza watu 13 kwa ajali moja, likirejea Dar es Salaam kutoka ziarani.

Mtu anaweza kunijibu kwamba barabara zetu zinaua kila mtu, mkulima na mwalimu pia, na kwamba majina ya wanamuziki yanakumbukwa kwa sababu ni maarufu. Ni kweli, na vifo vichache maarufu si takwimu. Lakini tofauti haimo katika idadi, imo katika saa na sababu. Mkulima wa Daudi husafiri mchana anapoweza. Mwanamuziki kazi yake inaisha wakati ambao hakuna mtu anapaswa kuendesha gari, na mpango wa malipo unamlazimisha aondoke saa hiyohiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanamuziki wenyewe ndio wanaolisema: bendi zilivunjwa na ugomvi, pombe, wivu wa majina na shutuma za ndumba. Sikatai kwamba ugomvi ulikuwepo. Lakini tazama ulipozuka. Mpigaji anayejua kwamba gitaa si lake, kwamba Radio Tanzania itaupiga wimbo wake miaka nenda rudi bila yeye kupata chochote, na kwamba kesho tajiri mwingine anaweza kumpa mshahara mzuri zaidi, hana sababu kubwa ya kuvumilia mwenzake. Wivu upo katika kila kazi ya watu. Katika dansi ulikuta mlango uko wazi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mali ya pamoja ya kulinda.

Kwa watu wa nyanda za juu matokeo yake yanaonekana katika jinsi historia ya dansi ilivyoandikwa. Inasimuliwa Dar es Salaam, Morogoro, Tanga, Tabora, kana kwamba Mbulu, Daudi na Katesh hazikuwa na masikio. Masikio yalikuwepo, tena ya watu waliozoea neno lililopangwa vizuri. Wairaqw wana *slufay*, dua ndefu ya baraka inayosemwa kwa mpangilio na kuitikiwa na waliokusanyika. Kilichokosekana ni bendi yenye gari lake, vyombo vyake na akiba ya kulala siku mbili. Redio iliwafikia, wanamuziki kwa nadra.

Siku hizi vitunguu saumu vinaingiza fedha Mbulu, minada imejaa watu, na wasanii wanaalikwa kwenye harusi na matamasha. Vyombo ni vyepesi na bei yake imeshuka, lakini desturi ya kupakia alfajiri na kuondoka haijaondoka. Anayealika bendi Daudi, Haydom au Katesh aandike malazi ya kundi zima pamoja na dereva ndani ya mkataba, kabla hajaandika bei ya kiingilio, na bendi ambayo haijaona kifungu hicho isikubali kupanda gari.