Kipoyi cha wazee wetu

Tukisikia neno kipoyi, wengi tunafikiri wakati wa Wabelgiji, kabla ya 1960: mukubwa wa serikali amekaa juu, watu wanamubeba mabegani kwa kulazimishwa. Ni kweli, ilikuwa vile. Lakini katika vijiji vya milima ya Kivu, kipoyi ni pia deni la vijana kwa wazee. Miti miwili, kamba ao kitambaa, wanaume wane, na wengine nyuma wanangojea zamu. Ndiyo muzee mugonjwa anafika hospitali amelala. Siku hizi tunamupandisha pikipiki, katikati ya dereva na mutoto wake, njia yote mashimo. Akianguka, mufupa wa muzee hauungi upesi. Hatukatazi pikipiki. Tunaomba tu kila kijiji kichunge kipoyi chake tayari, na vijana wajue zamu yao.